Uanamazingira ulianzia wapi, na ni wa nani?

Mwalimu wa Njoro:
Habari zenu wanajukwaa. Nafundisha sekondari huku Njoro, na wiki jana kidato cha tatu walinibana. Nilikuwa nimeanza historia ya uanamazingira, yaani harakati za kulinda mazingira, kama kitabu kinavyoanza: moshi uliowaua watu London mwaka 1952, mkutano wa Stockholm mwaka 1972, kisha Umoja wa Mataifa ukaunda shirika lake la mazingira na kuliweka Nairobi. Msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Kwa hivyo mwalimu, sisi tulikuwa tunangoja wazungu wavute moshi ndiyo tujue mto ni mali?" Darasa likavunjika mbavu.

Kwao ni kando ya Mto Njoro, unaoshuka kutoka Mau hadi Ziwa Nakuru. Kiangazi kikikaza, mto unabaki vidimbwi. Huko chini nako, tangu miaka ya 2010, ziwa limepanda likameza lango kuu la mbuga na mashamba ya watu. Flamingo walioipa Nakuru sifa wametawanyikia maziwa mengine, kwa kuwa maji yalivyoongezeka chumvi ilipungua, na mwani wanaoula ukapungua nayo. Mtoto huyu anayaona yote haya kwa macho yake. Nimweleze vipi harakati hizi zilitoka wapi na maana yake ni nini, bila kumsomea orodha ya mikutano?

Kijana wa Kondele:
Mwalimu, mwambie ukweli. Mazingira ni fulana yenye nembo, chupa ya maji, picha, halafu posho. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa sikukuu nzima tupande miti. Tukapanda kando ya barabara. Mbuzi wakala. Mwisho wa hadithi.

Mama Mgongo Wazi, Obunga:
Kijana wangu, mche usio na mwenyewe ni chakula cha mbuzi, hapo sikupingi. Ila usimfunge mwalimu mdomo.

Mwalimu, mimi nakaanga mgongo wazi hapa Obunga, Kisumu, kazi niliyomkuta mama mkwe wangu akiifanya. Kwa wasiotujua: mbuta, yaani sangara wa Ziwa Victoria, akifika kiwandani anatolewa minofu pande zote mbili, minofu inatiwa barafu inapanda ndege. Kichwa, mifupa ya mgongo na mkia ndivyo vinavyotufikia sisi kwa mkokoteni. Tunakaanga kwenye karai la mafuta mengi mpaka miba midogo inatafunika, mtu anakula na ugali. Watoto wa mtaa huu wamekulia hapo. Na mbuta mwenyewe si wa asili ya ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akawamaliza samaki wengi wadogo wa asili, kisha viwanda vilipokuja naye akawa ghali, hatumwezi. Kwa hivyo mtu akiniuliza habari za mazingira, mimi naanzia kwenye karai: nyama ilikwenda wapi, na nani aliulizwa?

Mwaka 1999 Ulaya ilikataa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu kwamba kuna watu wanavua kwa dawa za kuua wadudu. Mbio nilizoziona! Makoti meupe, vipimo, semina juu ya semina. Sawa, afya ni afya. Lakini sisi siku zote tulikuwa tunakula samaki wa ziwa hilohilo, na uchafu wa mji ulikuwa unaingia humo kupitia mito, na sikuwa nimemwona mtu akikimbia kwa ajili yetu. Ziwa likisafishwa ili mnunuzi wa mbali arudi, hiyo naijua, ni biashara. Uanamazingira kwangu ulianza pale watu wa ufuoni walipokaa pamoja wakauliza mbona uchafu wa kila mtu unateremkia kwao.

Kilichotukalisha pamoja ni gugumaji. Lina asili ya Amerika Kusini, na miaka ya 1990 lilikuwa limeshaziba ufuo wetu. Asubuhi unaamka unaona ghuba iko wazi, wavuvi wanatoka. Ikigonga saa nane upepo unageuka, unalisukuma lote huku Kisumu, na mashua zinazorudi zinakwama nje ya bandari. Mizizi imeishika propela. Wanaume wanasukuma kwa pondo, wengine wanalikanyaga hilo gugu, huku mama samaki wamesimama na beseni wakiziona mashua, na samaki wanaharibika humo ndani. Wameletwa wadudu wa kulila, zimeletwa mashine, mvua za El Niño zikalivunjavunja, likarudi. Litaachaje kurudi na linalishwa? Mbolea inatoka mashambani huko juu, maji machafu yanatoka mijini. Ukimwambia mvuvi alivute kwa mikono, umembebesha mzigo wa watu asiowajua hata kwa sura. (Wako wanaolisuka vikapu na viti. Kazi nzuri, nimenunua. Gugu halijahisi.)

Wangari Maathai, yule mama wa kupanda miti, usimwache, ila usianzie tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Anzia tarehe 5 Juni 1977, miti saba pale Kamukunji, Nairobi, na wanawake wa vijijini waliokuwa wanalalamikia kuni na maji. Baadaye kila mama alilipwa senti chache kwa mche ulioshika. Ulioshika, kijana wa Kondele, si uliopigwa picha. Hao hawakuwa wanangoja moshi wa London. Na mwaka 1989 alipopinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, wabunge walimkejeli hadharani. Kama ingekuwa ni mapenzi ya miti tu, ungeona wakubwa wanakasirika vile?

Mzee wa Isukha:
Mama amenena. Niongeze kutoka huku Kakamega: mwalimu asisahau amri. Miaka ya 1940 baba zetu walichimbishwa na serikali ya mkoloni matuta ya kuzuia mmomonyoko, watake wasitake. Udongo ulifaidi, lakini tangu hapo serikali ikitaja shamba la mtu, watu wanaangaliana. Marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira aliagiza mikaratusi iliyo kando ya mito ing'olewe. Huku kwetu watu walisikia, wakanyamaza, miti ikabaki. Kwamba inakunywa maji hatubishani, chemchemi yetu tunaijua ilivyokuwa. Lakini mkaratusi ni karo, ni nguzo ya stima, ni mbao za kumzikia mtu. Ukiniambia niukate, niambie pia Januari nitauza nini.

Mila ilikuwepo, ndiyo. Watiriki na misitu yao ya jando, Wajaluo na Got Ramogi, kilima chao kitakatifu. Hukukata ovyo. Ila kilichozuia shoka kilikuwa hofu, na wajukuu zangu hawaogopi kitu. Kwa hivyo naye huyo msichana asidanganywe kwamba babu zake walikuwa wanaharakati.

Mwalimu wa Njoro:
Asanteni sana. Mama, shikamoo, hilo la karai nakwenda nalo darasani Jumatatu. Sasa najua atakachoniuliza baada ya hapo: jirani wa juu akimwaga uchafu mtoni, yeye wa chini anaenda wapi?

Mwanasheria mtarajiwa, Kisumu:
Mwalimu, Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Cha 70 ndicho kitamu: unaweza kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba wewe au mtu mwingine ameshaumia. Zamani ungeulizwa kwanza, "wewe imekuhusu nini?" Mpe mfano wa Owino Uhuru, Mombasa. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, mtoto wake akakutwa na madini ya risasi mwilini. Akawakusanya majirani. Mwaka 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na mvutano wa rufaa ukafika hadi Mahakama ya Juu. Si njia fupi, asidanganyike.

Kabla ya korti, malalamiko yanaweza kupelekwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, au kwa Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira. Aandike, asiende kwa mdomo tu. Nakala agongewe muhuri, abaki nayo.

Mama Mgongo Wazi, Obunga:
Na apige picha ya hilo bomba kabla hajaandika barua. Wakishajua analalamika, atalikuta limefukiwa.