Tupeane uzoefu: usiku gani wa kambini ulikufundisha kuchagua hema, viatu na slipingi begi?

Habari za muda huu wakuu. Nafurahi sana kuona vijana wengi siku hizi wanapanda milima na kulala porini kwa hela zao wenyewe, ila kila wiki kuna mtu ananifuata inbox anunue hema gani, viatu gani, na huko anakoulizia kwingine anachopewa ni bei tu. Hapa naomba tusianze na bei. Kila mtu aeleze usiku mmoja uliomtesa, kitu gani kilimwangusha, na baada ya pale alibadilisha nini. Naanza mimi.

Ilikuwa Uluguru, mwezi wa nne, masika yenyewe. Tulikuwa wanne, tumepita Morningside tukapiga kambi juu kidogo ya pale. Hema jipya kabisa. Nikatandika turubai chini ya hema, kubwa kuliko hema lenyewe, likatokeza pande zote kama nusu mita, nikasema hapo tutaacha viatu visiingie tope. Mvua ikaanza saa tano usiku. Sasa yale maji yanayoteremka ubavuni mwa hema, badala ya kudondoka kwenye udongo yakanywewa, yakawa yanadondokea kwenye turubai na kutiririka moja kwa moja chini yetu. Saa nane nashtuka mkono uko ndani ya maji. Kuwasha tochi, slipingi begi la pamba limekunywa limekuwa zito kama blanketi ukilitoa kwenye karai la kufulia.

Mdogo wangu alitetemeka mpaka meno yanagongana, halafu baadaye akatulia, akawa anaongea maneno hayaeleweki, anataka kulala. Mimi nikajua amepata nafuu. Kumbe mtu aliyeloa akiacha kutetemeka na bado ana baridi ndio anaondoka hivyo. Jamaa yetu mmoja alikuwa na jaketi la flisi kavu kalifunga kwenye mfuko wa nailoni, hilo jaketi ndilo lililomponya, tukamvua vyote vilivyoloa, tukamvalisha, tukamweka katikati yetu, alipoanza kujibu vizuri ndio tukampa chai ya sukari nyingi. Na muda wote huo tunaziona taa za Morogoro mjini pale chini. Hilo mpaka leo linaniuma, mji unauona na mtu anakufia mikononi.

Tangu siku hiyo turubai nalikunja liingie ndani ya ukingo wa hema, lisitokeze hata kidole. Na nina seti moja ya nguo za kulalia, kavu, ndani ya nailoni mbili, haiguswi mchana hata niloe vipi, asubuhi navaa zile zile za maji natembea nazo. Jinzi na fulana za pamba naacha nyumbani. Karibuni.

Mgumu wa Moshi

Pole sana mkuu, na asante kwa uzi. Mimi ni mgumu, yaani mbebaji wa mizigo Kilimanjaro, nabeba njia za Machame na Lemosho mwaka wa nane huu. Yangu ni viatu. Nilichukua pale soko la Memorial, mtumba wa nguvu, ngozi juu, soli nene, ndani kama havijawahi kuvaliwa, nikaona Mungu kanikumbuka. Kumbe kule kutovaliwa ndio ugonjwa wenyewe. Kiatu kikikaa stoo miaka mingi ile sponji ya katikati ya soli inaoza polepole kwa unyevu, nje huoni chochote. Siku ya tatu tunatoka Shira kwenda Barranco, tuko karibu na Lava Tower, mvua ya mawe, soli ya kulia ikaachia mbele. Kila hatua inapiga papa, papa, inachota matope. Kabla hatujafika kambini, ya kushoto nayo ikaachia. Nina mzigo kichwani, nikazungusha kamba ya hema kwenye viatu vyote viwili nikaendelea, jioni kuvua soksi vidole viwili vyeupe sivisikii kabisa.

Sasa kiatu cha mtumba kabla sijalipa nakikunja kwa nguvu zote, halafu nabonyeza ile sponji ya pembeni kwa kucha, ikimeguka kama biskuti narudisha. Nikinunua navaa wiki tatu mjini kwanza. Na jaribu ukiwa na soksi nene, shuka ngazi, vidole vikigonga mbele hicho ni kidogo kwako, maana kucha zinang'oka wakati wa kushuka, kupanda hakuna shida. Muulize yeyote aliyeshuka kutoka Barafu mpaka Mweka.

Kingine naomba nikiseme kwa uchungu. Mteja kabla ya kupanda anakaguliwa slipingi begi, jaketi, glavu, kila kitu. Mgumu anapimwa mzigo tu usizidi kilo 20, viatu vyake nani anaviangalia? Tuna wenzetu wamekufa kwa baridi kwenye ule mlima. Wewe unayepanda na kampuni, waombe uwaone wabebaji wako wanalala wapi na wamevaa nini kabla hamjaondoka getini. Na wagumu wenzangu, KPAP, lile shirika la kusaidia wabebaji pale Moshi, wanaazimisha nguo za mlimani bure, nendeni msione aibu.

Mtoa mada

Kaka hili la sponji ya soli sikulijua kabisa, na nina jozi ya hivyo hivyo iko chini ya kitanda mwaka wa nne. Leo naikunja.

Wa Nanyuki

Poleni nyote. Mimi niko huku Nanyuki, na yangu inahusu msee aliyekuwa na vitu poa kuliko sisi wote. Tulipanda Mount Kenya kwa Sirimon, usiku wa kwanza Old Moses mita 3,300, wa pili Shipton's mita 4,200, tuamke saa tisa usiku twende Lenana 4,985. Huyu rafiki yetu alikuwa na kila kitu, slipingi begi ya baridi kali, jaketi ya manyoya, fimbo mbili. Jioni Shipton's akasema kichwa kinamgonga, akakataa kula, akatapika mara moja, sisi tukasema ni uchovu, yeye mwenyewe akasema ni uchovu. Saa tisa tukatoka na yeye. Hatukufika mbali nikaona anatembea kama mlevi. Nikamwambia simama, tembea hapa kwa mstari, kisigino kiguse kidole cha mguu mwingine. Hatua mbili akaanguka upande.

Tulishuka naye hapo hapo, giza hivyo hivyo, wawili wamemshika, mmoja mbele na tochi. Kulikuwa na mabishano, kuna mwenzetu alisema tungoje kuche, nashukuru hatukumsikiza. Tulipokaribia Old Moses akaanza kuuliza amekula nini jana, akili inarudi. Huo ni ugonjwa wa mwinuko, na hauulizi jaketi ni ya pesa ngapi. Kichwa kikiuma usipande kulala juu zaidi, na mtu akianza kuyumba au kupumua kwa shida akiwa ameketi tu, dawa ni kushuka, saa hiyo hiyo, zile tembe mtajadili mkiwa chini.

Tena wale wanaopenda Hell's Gate kule Naivasha, tafadhali, mnakumbuka 2019 watu 7 walibebwa na maji mle kwenye korongo. Mvua inanyesha huko juu, wewe ulipo jua linawaka, maji yanakuja tu. Ukiona wingu jeusi upande wa milimani usiingie, na hema usipige kwenye mkondo uliokauka hata kama mchanga ni laini namna gani.

Mwalimu wa skauti

Nimesoma yote nikiwa na machozi. Mimi ni mwalimu, nalea skauti, nitaeleza kitu ambacho sijawahi kukieleza hadharani. Ilikuwa hifadhi ya Kitulo, nyanda za juu kusini, mwezi wa saba. Waliofika kule wanajua baridi yake, asubuhi nyasi zina barafu nyeupe. Watoto wakubwa, kidato cha tatu, walikuwa wanalia baridi, tulikuwa na jiko la mkaa tulilopikia ugali, mkaa bado mwekundu. Msaidizi wangu kwa huruma tu akaliingiza kwenye hema la wavulana wapate joto, wakafunga zipu.

Mimi huwa nazunguka usiku kuhesabu watu. Kufika kwenye lile hema naita, hawajibu. Nikafungua zipu, hakuna moshi, hakuna harufu, wamelala wametulia kabisa, mmoja katapika pembeni ya mdomo. Tuliwaburuta nje kwenye baridi mmoja mmoja, tunawapiga makofi mashavuni, tunawaita majina. Wote walizinduka, wote, na asubuhi tukawapeleka hospitali. Ningechelewa kuzunguka sijui leo ningewaambia nini wazazi wao.

Jiko la mkaa likikosa hewa linatoa sumu haionekani wala hainuki. Msiliingize kwenye hema, hata dakika tano, hata jiko la gesi. Mkitaka joto chemsheni maji mtie kwenye chupa inayofunga vizuri, izungushie soksi, iweke mapajani ndani ya slipingi begi, utalala. Na baridi kubwa inatoka chini jamani, sio juu. Mtu anajifunika blanketi tatu kalala juu ya turubai tupu anashangaa hapati joto. Tandika kwanza, hata godoro jembamba la sponji, hata mkeka na maboksi, ndio ujifunike.

Mtoa mada

Mwalimu asante sana kwa kulisema, najua haikuwa rahisi. Nimelituma kwenye grupu letu la hiking muda huu huu.

Mpishi wa safari, Arusha

Shikamoo mwalimu. Mimi napika kambi za safari, Ngorongoro na Serengeti. Kifupi tu. Pale kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, tembo wanakuja kunywa kwenye tenki kama wako kwao, na ni kwao kweli. Tulikuwa na mgeni aliingia kulala na mfuko wa machungwa. Saa tisa usiku mkonga umeingia, hema limepasuka kutoka juu hadi chini, mgeni amejibana kona moja hapumui, tembo anatafuna chungwa moja moja taratibu mpaka yakaisha, akaondoka. Chakula chote, hata dawa ya meno, kinalala kwenye gari au jiko la kujengwa. Seronera, kule Serengeti, viatu usiache nje, fisi anachukua. Na ukitoka kukojoa usiku toa kwanza tochi, mulika duara zima, ukiona macho yanawaka rudi ndani ufunge zipu, kojoa kwenye chupa.

Mgeni jukwaani

Asanteni, mimi na wenzangu wawili tunataka kupanda mlima Hanang mwezi wa tisa, kulala usiku mmoja. Tuna hema na slipingi begi. Tubebe begi la mgongoni kubwa kiasi gani, na maji tutapata njiani?

Mgumu wa Moshi

Dada begi la lita 50 linatosha, ila lijaribu likiwa na mzigo, mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga ubebe wenyewe, mabega yasiume. Maji msitegemee mlimani, bebeni yote kutokea Katesh, mji ulio chini ya mlima, kila mtu lita sita kwa siku hizo mbili. Chukueni mwenyeji wa kuwaongoza pale pale Katesh, na muache jina lake na saa ya kurudi kwa mtu wa nyumbani.