Tunaotema damu tukipiga mswaki: tupeane uzoefu wa ugonjwa wa fizi

Mla Mapera

Wakuu, habari za jioni.

Nianzie kwenye pera. Mwaka juzi nilikuwa Muheza kwa bibi, nimekaa barazani na mpwa wangu wa miaka sita. Nikang'ata pera, yale meupe ndani, nikaliweka kwenye sahani nipokee simu. Kurudi, mtoto ameliinamia analichungulia. Pale nilipong'ata, kila alama ya jino imezungushiwa damu. Akaniuliza, "Mjomba, pera limeumia?"

Wakati huo nilikuwa na miaka kama sita ya kutema povu la waridi kila asubuhi. Nilishazoea. Halikuniuma hata siku moja, na hilo ndilo lililoniponza: jino likiuma hulali, lakini fizi ikitoka damu unasukutua, unajifuta, unawahi daladala. Nikimweleza mtu, jibu ni lile lile: hicho kiseyeye, kula machungwa. Jamani, mimi nimekulia Muheza! Machungwa kwetu yanapangwa barabarani kwa mafungu. Kiseyeye cha kweli kinatokana na kukosa vitamini C kwa muda mrefu, na mimi sikuwahi kuikosa hata wiki.

Nikafanya makosa mawili. La kwanza, upande unaotoka damu nikawa siupigi mswaki, nauonea huruma. La pili, nikawa nanunua flajili, vile vidonge vya kuua bakteria, duka la dawa. Nikimeza, damu inakata wiki mbili, inarudi. Nameza tena.

Baada ya lile pera nikaenda hospitali ya wilaya kwa tabibu wa meno. Akachukua kichuma chembamba chenye alama za milimita, akawa anakichomeka taratibu kati ya fizi na jino huku anamtajia muuguzi: mbili, tatu, tatu, sita. Nikadhani anahesabu meno, nikajiuliza huyu mbona hesabu zinamchanganya. Kumbe anapima kina. Fizi nzima inasoma moja hadi tatu. Sita ni mfuko: fizi imeachana na jino na mfupa wa chini umeanza kuliwa. Upande niliokuwa nauonea huruma ndio uliokuwa na sita nyingi.

Akanipa kioo nijionee. Nyuma ya meno ya mbele ya chini kuna kiukuta cha rangi ya chai ya rangi. Akasema ule utando laini unaousikia kwa ulimi ukiamka ndio ukoga, mswaki unautoa. Ukiachwa siku kadhaa unashika madini ya mate unakuwa ugaga, na huo mswaki hauutoi hata usugue hadi kesho. Alinisafisha kwa awamu mbili, ya pili kwa ganzi kwa sababu aliingia hadi chini ya fizi. Mashine inalia kama mbu mkubwa, maji yanarukia shingoni, na vipande vya ugaga nikavitema kwenye bakuli kama changarawe za mchele. Nililipa 40,000 zote mbili.

Sasa lile linalowatisha watu, kwamba kusafisha meno kunayalegeza. Nilivyotoka nikasikia mapengo kila mahali, maji baridi yananichoma, jino moja la chini linacheza. Nikarudi nikiwa mkali. Akanijibu kwa upole kwamba ugaga ndio ulikuwa plasta. Mfupa ulishakwenda zamani, plasta ilikuwa inanificha. Kuchoma kuliisha kama wiki mbili. Damu ilikata siku ya tisa. Lile jino bado linacheza kidogo, na mfupa uliokwenda haurudi wenyewe.

Karibuni. Uzi tayari.

Mama Wawili

Mkuu, yangu ilikuja na mimba ya pili. Mwezi wa tano fizi zimevimba, na katikati ya meno ya mbele kikaota kinyama chekundu kama punje ya komamanga. Nikikigusa tu, damu. Mama mkwe akaniambia nisihangaike, kila mtoto huja na jino lake la kuondoka nalo. Yeye ana watoto saba, mhesabie.

Nesi wa kliniki ndiye aliyenipeleka kitengo cha meno. Nikaelezwa kuwa homoni za ujauzito zinafanya fizi zikasirike kwa ukoga kidogo ambao siku nyingine zisingeushtukia. Mtoto hachukui kitu kwenye meno yako. Nilisafishwa nikiwa na tumbo langu, hakuna kilichoharibika. Kile kinyama kilinywea chenyewe baada ya kujifungua. Mtoto sasa ana miaka mitatu na jino lipo.

Fundi Saa

Huu ni uzi unaohitaji uzi. Mimi niliambiwa nipitishe uzi katikati ya meno, nikachukua wa cherehani ya mke wangu. Ukanasa kwenye magego ukakatika. Siku mbili nimetembea na uzi mweusi mdomoni. Nunueni ule wa meno wenyewe.

Baharia Mstaafu

Salaam aleikum. Niko Mombasa, Mji wa Kale. Marehemu mzee wangu hakununua dawa ya meno maishani mwake, ni msuaki tu, na alizikwa na meno karibu yote. Mimi nikafuata nyayo zake, lakini fizi za chonge zikapanda juu hadi mizizi ikawa yaonekana, meno marefu kama ya farasi.

Daktari akanitaka nimwonyeshe ninavyofanya. Nikatoa msuaki mfukoni, mkavu, nikasugua kushoto kulia kama apigaye randa. Akacheka sana. Akasema kijiti hakina kosa, kosa ni mkono. Kilowekwe, kitafunwe mpaka nyuzi zilainike, usukume kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino, na ile ncha iliyochoka uikate. Ndipo nikakumbuka mzee alikuwa na kikombe chake cha maji kwa ajili ya msuaki. Mimi nilidhani ni cha kunywa.

Kijana wa Meru

Wa Arusha mtanielewa. Meno yangu ni ya kahawia toka yalipoota, maji yetu yana floridi nyingi. Shuleni bweni huko Dar walinicheka, nikawa nasugua kwa mkaa uliotwangwa uliochanganywa na chumvi, asubuhi na usiku. Rangi haikutoka hata chembe, maana iko ndani ya jino lenyewe. Kilichotoka ni fizi. Kwa hiyo tofautisheni: ugaga unakwanguliwa, rangi ya maji haikwanguliwi. Mimi nilikwangua kitu kisichokwanguka miaka minne.

Bintiye Bi Mkubwa

Shikamooni wakubwa. Hii ni ya mama yangu, na bado sijaisamehe nafsi yangu.

Mama alianza kuacha nyama. Akasema amezichoka. Baadaye akaacha mahindi ya kuchoma, na huyo ni mtu wa kusimamisha gari njiani akiyaona. Sisi tukasema ni umri, ana miaka 54. Siku moja yupo mezani akatoa jino kinywani kwa vidole viwili, zima, halina hata tundu, akaliweka pembeni mwa sahani kama mfupa wa samaki akaendelea kula. Halikumuuma. Wiki tatu baadaye, la pili.

Daktari wa meno alipomwangalia hakuuliza habari za mswaki kwanza. Alimuuliza, "Mama, usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo?" Mama akasema mara nne, tano. Kiu je? Kiu anayo. Akamtoboa kidole hapo hapo: sukari 17. Nyumba nzima tulikuwa hatujui kama mama ana kisukari.

Tulielezwa kuwa hivi viwili vinachocheana. Sukari ikiwa juu, fizi zinashindwa kupigana na bakteria na mfupa unaliwa haraka. Na fizi zenye usaha nazo zinafanya sukari iwe ngumu kushuka. Sasa anatumia dawa, anasafishwa kila miezi mitatu. Alipoteza meno manne, mengine yameshika. Juzi kala hindi, ila tulimpukuchulia.

Kiko

Mimi sijawahi kutoka damu hata tone na navuta pakiti kwa siku. Kwa hiyo mimi na fizi hatuna ugomvi?

Tabibu wa Zamu

Kiko, ninyi ndio mnaotutisha. Moshi wa sigara unabana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi ya mvutaji inaumwa bila kutoa ile damu ya kuwashtua wenzako. Unakuja kwetu jino limeshaanza kucheza. Na ukisafishwa, kidonda cha mvutaji kinachelewa kupona.

Nimefanya kazi hii miaka mingi, niongeze machache. Flajili bila kuondoa ugaga ni kumwaga maji juu ya jiko huku mkaa umeuacha. Na usiichanganye na pombe. Dawa ya kusukutua yenye klohexidini inasaidia, lakini ukiitumia wiki nyingi inapaka meno rangi. Fizi zikinenepa na kufunika meno, tuambie dawa unazokunywa: baadhi za presha kama amlodipini na nifedipini, na fenitoini ya kifafa, hufanya hivyo. Usiziache mwenyewe, rudi kwa aliyekuandikia.

Kwa wenye damu wanaoogopa kugusa: mwaka 1965 huko Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kupiga mswaki. Ndani ya wiki tatu wote fizi zilivimba. Walipoanza tena, zikapona kwa siku chache tu. Kwa hiyo panapotoka damu ndipo pa kupitisha mswaki, wenye nywele laini, ukiulaza mshazari nywele zielekee kwenye fizi, dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala. Kama ugaga upo au mifuko imeshachimbika, mswaki peke yake hautoshi.

Usisubiri zamu ya kawaida ukiona usaha, uso kuvimba na homa, vidonda vya fizi vyenye harufu kali, au damu inayotoka yenyewe hata hujagusa. Hiyo ya mwisho inaweza isiwe ya fizi kabisa, itabidi damu yako ipimwe.

Kiko

Duh. Alhamisi nakuja.

Mama Wawili

Mla Mapera, hukutuambia ule mfuko wako wa sita unaendeleaje, na bibi je?

Mla Mapera

Dada, bibi ana meno manne na muwa anaukata kwa kisu, hataki kusikia habari za hospitali. Mimi naenda kila miezi sita. Ule mfuko wa sita mara ya mwisho ulisoma nne. Mpwa wangu nilimpeleka nikamkalisha pembeni, akawa anamsaidia muuguzi kuandika namba.