Mjadala: Dawa ya mti ipimwe ikiwa mchemsho, au itolewe kiini kwanza?

Gome Kavu (mleta mada)

Wadau, salaam. Ukifungua tasnifu za mimea dawa kwenye vyuo vyetu, nyingi zinakwenda hivi: mganga anachemsha mzizi kwa maji, mtafiti analoweka gramu 100 za unga wa mzizi huohuo kwenye methanoli (spiriti yenye sumu) kwa siku tatu, anachuja, anakausha kwa nyuzijoto 40, kisha anaandika kwamba mmea "unaua vimelea". Mgonjwa gani amewahi kunywa methanoli? Kilichopimwa sicho kinachonywewa.

Sababu naijua. Mchemsho wa maji ni kazi ngumu maabara. Unavunda kwa siku mbili, kuukausha kunahitaji mtambo wa baridi kali, na umeme ukikatika usiku kazi yote inamwagwa. Methanoli inakauka vizuri na majedwali yanapendeza.

Hoja yangu ni kwamba fedha ya umma ianze kupima mchemsho kama ulivyo, kwa wagonjwa walio chini ya uangalizi wa daktari, na kiini, yaani kemikali yenyewe inayoponya, kitafutwe baadaye. Watafiti nchini Mali walifanya hivyo kwa mmea wa *Argemone mexicana* dhidi ya malaria. Walianza kwa kuuliza familia: mgonjwa wa mwisho mlimpa nini, na alipona? Mmea uliong'ara wakaujaribu kwa dozi tatu tofauti. Dozi ndogo ilifanya kazi kwa asilimia 35, ya kati 73, kubwa 65. Wakachukua ya kati, wakaipambanisha na dawa mseto ya hospitali kwa wagonjwa 301. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: asilimia 89 ya waliokunywa mchemsho hawakuhitaji dawa nyingine, dhidi ya 95 kwa dawa ya hospitali. Kutafuta kemikali ya kuthibitisha ubora wa majani kulikuja nyuma ya yote hayo.

Sahani ya Silika

Mkuu, umechagua mfano mzuri ukauacha mbaya. Niulete mimi: pakanga ya Kichina, *Artemisia annua*, ambayo sasa inalimwa hadi nyuma ya nyumba na watu wanaichemsha kama chai. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Kongo: gramu 5 au 9 za majani makavu kwa lita moja ya maji, siku saba, dhidi ya kwinini. Siku ya saba waliopona kwa chai walikuwa wastani wa asilimia 74, kwinini 91. Halafu vimelea vikawarudia wengi wa chai.

Kwa nini? Artemisinini, kiini cha pakanga kinachoua vimelea, haipendi maji. Mwaka huohuo wengine waliipima chai ya gramu 9 kwa lita wakakuta miligramu 94.5, karibu asilimia 19 ya dozi ya siku iliyokuwa ikipendekezwa. Homa inashuka, mgonjwa anashukuru, vimelea vinabaki vimejeruhiwa tu. Hiyo ndiyo shule ya usugu. Shirika la Afya Duniani halikukataa chai kwa kiburi.

Na chukua *Catharanthus roseus*, ua la Madagaska ambalo watu walikuwa wakilinywa kwa kisukari. Maabara ndiyo iliyoona kwamba linashusha chembe nyeupe za damu, na humo zikatoka vinblastini na vinkristini za saratani. Ungebaki na mchemsho wa kisukari, watoto wenye saratani ya damu wangepata nini?

Gome Kavu

Lakini ndugu yangu, jaribio la Kongo lilipima nini? Mchemsho! Wewe unajua chai haitoshi kwa sababu kuna watu waliipima kwa wagonjwa. Umenisaidia.

Na Tu Youyou mwenyewe, mwanasayansi wa China aliyeipata artemisinini akatunukiwa Nobel mwaka 2015, alikwama mpaka aliporudi kusoma maandishi ya kale ya Kichina akagundua kwamba mmea haukuchemshwa: ulilowekwa kwenye maji, ukakamuliwa, juisi ikanywewa. Akashuku kwamba moto unaharibu dawa, akabadili kwenda etha, kiyeyushi kinachochemka kwa nyuzi 35 hivi. Mbinu ya mganga ilikuwa data, si hadithi.

Bi Hebaria

Naona mnagombania sufuria kabla ya kujua kilichomo. Nani kati yenu amehakikisha mti?

Mwaka 2011 Tanzania nzima ilikuwa inazungumzia Samunge, Loliondo, ambako wagonjwa walifuata kikombe cha shilingi 500 cha mzizi wa mugariga. Mti ule ni *Carissa*, mtandamboo wa pwani. Ukoo wake ni uleule wa *Acokanthera*, msunguti, ambao Wagiriama na Wakamba waliuchemsha kupata sumu ya mishale. Yote miwili hutoa utomvu mweupe, majani yanafanana, yamepangana mawili mawili. Mtandamboo una miiba, msunguti hauna. Sasa leta mzizi uliokwisha kusagwa sokoni: mwiba uko wapi? Sumu ya msunguti, ouabaini, inashika moyo, haikupi muda wa kwenda kuuliza.

Kwa hiyo kabla ya gramu ya kwanza: kata tawi lenye maua au matunda, la kama sentimita 30, libane kati ya magazeti, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke, andika mahali, tarehe, urefu wa mti, jina la kienyeji na aliyekutajia, kisha lipeleke kwenye hebaria, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, lipewe namba. Namba hiyo iandikwe kwenye kila chupa. Jina la kienyeji pekee halitoshi, maana jina moja vijiji viwili linaweza kuwa miti miwili. Halafu kausha kivulini, tabaka lisizidi vidole viwili, geuza kila siku. Juani majani yanabadilika rangi na mafuta yenye harufu yanaruka. Kwenye gunia lenye unyevu unaota ukungu, na hapo utakuwa unapima ukungu.

Pima Kikombe

Nimpe Gome Kavu nusu ya haki, kwa masharti ya mizani.

"Konzi moja kwenye sufuria" si kipimo. Mwombe mganga achote konzi mara kumi, pima kila moja, andika wastani na tofauti. Pima maji kabla na baada, dakika za kuchemka, na sufuria ni ya udongo au alumini. Tuseme konzi ni gramu 38, maji yameshuka kutoka lita 2 hadi 1. Kausha mchemsho: tuseme umebaki na asilimia 12 ya uzito wa mzizi, yaani gramu 4.56. Kikombe cha mililita 250 kina gramu 1.14. Kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 19 kwa kila kilo ya mwili.

Sasa njoo kwa panya wa maabara. Panya mdogo huunguza dawa haraka, kwa hiyo unazidisha kwa 12.3: miligramu 234 kwa kilo. Tasnifu inayompa panya 1,000 kwa kilo inamnywesha zaidi ya vikombe vinne kwa mkupuo. Ikionyesha faida, faida hiyo haipo kikombeni. Ikionyesha sumu, nayo isome kwa jicho hilo.

Kwenye sahani za maabara, dondoo (kilichotolewa kwenye mti) linapomwagiwa vimelea moja kwa moja, ndiyo vichekesho. "Inaua nusu ya vimelea kwa mikrogramu 100 kwa mililita." Plazma, yaani maji ya damu, ya mtu mzima ni karibu lita 3, ili ufike hapo, miligramu 300 za dondoo lazima ziingie zote kwenye damu, bila tumbo wala ini kugusa. Na ukiongeza dimetili sulfoksaidi ya kuyeyushia hadi ipite asilimia 0.5, vimelea vinakufa kwa kiyeyushi wewe unausifu mti. Kishimo cha pili kwenye sahani bila dondoo, chenye kiyeyushi tu, ni lazima. Tanini nazo hung'ang'ania protini yoyote, kila gome lenye ukakasi litaonekana dawa ya kila kitu.

Sahani ya Silika

Hesabu hizo nazikubali bila ubishi. Lakini mchemsho kwa wagonjwa kwanza, bado sikubali, kwa neno moja: ini.

Wanasema "babu zetu wamekunywa karne na karne". Karne na karne zinamwonyesha mganga sumu inayotapisha jioni ileile. Hazimwonyeshi alkaloidi za pirolizidini, kemikali za sumu zilizomo kwenye mimea ya *Crotalaria* na *Senecio*, zinazoumiza ini polepole hadi mtu anakufa baada ya miezi, na hakuna anayekumbuka kikombe. Kumtazama panya siku 14 hakutoshi. Weka siku 28, na kwa dawa ya kunywa muda mrefu 90, kisha pasua uangalie ini na figo.

Na kabla ya kumpa mgonjwa, tandaza dondoo kwenye sahani ya silika, inayotenganisha kemikali kuwa madoa, pembeni ya vielelezo vya dawa za dukani: deksamethasoni, diklofenaki na sildenafili. Utashangaa ni "mitishamba" mingapi ya nguvu za kiume na maumivu ya viungo inayoacha doa palepale pa dawa ya dukani.

Mtu wa Tanga

Na mwenye mti? Makubaliano ya Nagoya, ya kugawana faida ya mimea na maarifa ya wenyeji, yapo tangu 2010. Mganga akishawaonyesha konzi, dakika na sufuria, kabaki na nini? Mkataba uandikwe kabla ya mahojiano ya kwanza, si baada ya hataza.

Bi Hebaria

Sawa, na mti wenyewe ubaki na kitu. *Prunus africana* ilianza kuchunwa gome kwa ajili ya dawa ya tezi dume Ulaya, mpaka mwaka 1995 ikaingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mti ukichunwa gome kuzunguka shina lote unakufa ukiwa umesimama. Anayepima mzizi aeleze pia kama majani yamejaribiwa. Majani huota tena.

Gome Kavu

Tanga, nakuunga mkono kwa kila neno.

Sahani, kuhusu ini: siku 28 kwa panya kabla ya mgonjwa wa kwanza, nakubali, mradi panya anyweshwe mchemsho wenyewe kwa hesabu ya Pima Kikombe. Hapo hatutofautiani sana, ingawa najua utaendelea kubisha.

Kinachonisumbua ni kificho, yaani mgonjwa asijue kama anakunywa dawa au bandia. Vidonge unaweza kuvitengeneza vya uongo vifanane. Mchemsho mchungu wa rangi ya kahawia unaufanyia nini? Ukiweka kwinini kidogo upate uchungu, umeweka dawa ya malaria. Ukiweka tanini, umefunga matumbo. Mimi naona aliyepima damu chini ya hadubini ndiye afichwe, asijue slaidi ni ya nani, na mgonjwa aachwe ajue anakunywa nini. Mwenye njia bora aiweke hapa, na ataje na kipimo.

Pima Kikombe

Shubiri iliyozimuliwa sana inatoa uchungu, ila inaharisha, na mgonjwa atajua. Jaribu dozi ya mchemsho huohuo iliyozimuliwa mara ishirini: rangi uiongeze kwa sukari ya kuungua. Ila upike upya kila asubuhi, umwage kilichobaki jioni. Cha jana kimeshaanza kuchacha.