Mrejesho: Beirut na barabara zilizofungwa

Wakuu, mwishoni mwa 2019 niliuliza mgeni aishi vipi hapa Beirut, Lebanon, baada ya maandamano ya kupinga serikali kuanza 17 Oktoba 2019. Asanteni, majibu yenu yalifanya kazi, ila kwenye hela mlikuwa na matumaini mno.

Benki zilifunga wiki mbili. Zilipofungua 1 Novemba, dola zikawa za kupimiwa kwa kijiko. ATM nyingi zilitema lira tu (hela ya Lebanon), na ile bei rasmi ya wakati huo, lira 1,507.5 kwa dola, uliisikia benki; wabadilishaji wa mtaani walikuwa na yao. Kwa dada zetu wa Kenya waliokuwa wakituma hela nyumbani, hapo ndipo palipouma: mshahara wa lira ulipungua kabla haujavuka bahari.

Barabara zilikuwa rahisi zaidi. Ring (barabara ya juu katikati ya jiji), au Jal el Dib na Zouk (kwenye barabara kuu ya kaskazini) zilipofungwa, hukubishana na dereva. Ulishuka, ukavuka kizuizi kwa miguu, ukapanda teksi ya kuchangia upande wa pili, lira 2,000 za wakati huo. Hukuzuiwa, na gari la wagonjwa (piga 140) lilipishwa. Ubaya ulikuwa moshi wa matairi yaliyochomwa kwenye vizuizi: kitambaa kibichi puani, na kupita upande upepo unakotokea.

Ndege ziliruka kama kawaida. Uliondoka kwenda uwanjani saa kadhaa mapema, na begi moja la mgongoni. Magurudumu ya sanduku yalikwama kwenye waya za matairi yaliyoungua.