Parseli juu ya lava hapa Goma: avoka, gerevilia au jakaranda? Na uzio wa nini?

BintiMajengo
Jamani, habari za kwenu. Nyumba yangu imeisha, lakini parseli, yaani kiwanja changu, iko pale lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita Januari 2002. Mbele ni mawe meusi matupu, na jua likiwaka, joto linafika hadi barazani. Nataka mti mmoja wa kivuli, pamoja na uzio wa kijani upande wa barabara. Kwa mti nimeshauriwa avoka, gerevilia au jakaranda. Kwa uzio sipresi, miyenzi (minyaa) au bugenvilia. Naomba majibu ya waliopanda juu ya jiwe, maana wenye udongo mweusi wa Rutshuru hawana shida yangu.

Fundi_Ndosho
Dada, usichague mti kabla ya kujua shimo lako. Shika baramina (mtaimbo), gonga sehemu kadhaa za parseli. Lava hupasuka inapopoa, na ngozi yake ya juu huwa kokoto zinazobomoka. Chini ya hapo ndipo lilipo jiwe zito. Ukipata ufa, au mahali baramina inapozama hadi kwenye udongo wa zamani, hapo ndipo pa mti, hata kama si pale ulipopapenda.

Chimba mita moja kila upande, kina kisipungue sentimita 80. Jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Udongo utanunua, hakuna njia nyingine: magunia yanaletwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Usirudishe mawe makubwa shimoni ili kupunguza gharama.

Gerevilia ndiyo chaguo langu kama jiwe liko karibu. Asili yake ni Australia, na mizizi yake inajua kutafuta chakula kwenye udongo maskini. Inakua haraka. Ila matawi yake hukatika upepo ukivuma, kwa hiyo iwe mbali na mabati na waya za umeme.

MamaKatindo
Mimi nasimama na avoka. Majani yake ni mapana, kivuli chake kizito, na watoto wanakula. Haipendi kabisa maji yasimame kwenye mizizi, na lava haishiki maji, hiyo ni faida. Nunua mche uliounganishwa: huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4. Wa mbegu unaweza kukusubirisha miaka mingi, tena hujui matunda yatakuwaje.

Fundi_Ndosho
Mama, hapo kwa maji nakubali. Lakini mizizi ya avoka mingi iko juu juu, na kiangazi cha Juni hadi Agosti jiwe linapata moto. Bila majani makavu ya kutandaza shinani na maji ya mara kwa mara, mche unakauka ncha. Dada, kama una tangi la mvua, avoka inawezekana. Kama unachota ziwani kwa bidoni, panda gerevilia.

Mkaaji_Bukavu
Jakaranda tuachieni sisi. Huku udongo ni mwekundu na una kina, inanenepa vizuri. Kwenye parseli ndogo ya Goma itapanua matawi hadi kwa jirani. Na asikudanganye mtu na mkaratusi kwa sababu unakua upesi: utakunywa maji yote ya mimea mingine.

BintiMajengo
Asanteni sana. Na uzio?

MamaKatindo
Bugenvilia! Inapenda jua na udongo unaopitisha maji, ndiyo lava yenyewe. Kata kipande cha tawi lililokomaa, sentimita 20 hadi 30, chomeka kwenye mfuko wenye udongo, weka kivulini hadi kichipue. Ukiitazama kwa karibu, ile rangi ya waridi ni majani membamba kama karatasi. Ua lenyewe ni kile kimrija cheupe katikati. Ndiyo maana rangi inadumu sana. Miiba yake pia inalinda.

Miyenzi usiweke penye watoto. Utomvu wake mweupe ukiingia machoni ni hatari. Sipresi nayo inataka mkasi kila wakati, na ukikata hadi kwenye mti mkavu wa ndani, pale hapachipui tena.

Kijana_Keshero
Naongeza jambo moja kwa wanaosoma wakiwa upande wa Keshero, Mugunga au Bulengo: mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na inaweza kuua. Ni nzito kuliko hewa, inajikusanya kwenye mabonde na mashimo, zaidi usiku na alfajiri upepo ukitulia. Usiache shimo la mti wazi usiku, na mtoto asitumwe kushuka humo asubuhi. Ukiona panya au ndege wamekufa shimoni, ondokeni hapo, ulizeni majirani wa zamani.

BintiMajengo
Baramina imezama vizuri karibu na lango, kwingine jiwe tupu. Tangi ninalo. Kwa hiyo avoka langoni, bugenvilia barabarani. Nianze lini?

Fundi_Ndosho
Chimba sasa, panda mvua za Septemba zikishashika. Na udongo uache wiki kadhaa ushuke shimoni kabla ya mche, la sivyo mche utazama nao.