Gari la Baba: litengenezwe au tununue jingine?

Baba: Wanangu, pamoja na shangazi yenu na mjomba wenu, nawasalimu nyote. Nimeona niliseme jambo hili hapa kwenye kundi letu mbele ya wote badala ya kumpigia simu mmoja mmoja, kwa sababu linatugusa sote. Juzi gari letu lilichemsha nikiwa nampeleka mama yenu kliniki. Lina miaka 17 sasa na limetembea kilomita 268,000. Fundi anasema silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, lazima ifunguliwe, na makadirio aliyonipa yanakaribia nusu ya bei ambayo ningeipata kama ningeliuza likiwa zima. Naomba ushauri wenu: tulitengeneze, au fedha hizo ziwe mwanzo wa kununua jingine?

Dada: Shikamoo Baba, na shikamooni wakubwa wote. Mimi naona tununue jingine. Mama alikaa saa mbili kando ya barabara akisubiri gari la kuvuta, tena akiwa mgonjwa, na tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Mjomba: Marahaba, mwanangu. Shemeji, kabla hatujafika kwenye fedha naomba unijibu maswali mawili. Mshale wa joto ulipopanda, ulizima injini papo hapo au uliendelea kwenda? Na je, umefungua kifuniko cha oili ukatazama upande wake wa ndani?

Baba: Niliendelea kwa dakika mbili au tatu hivi, hadi nilipopata mahali salama pa kuegesha. Kifuniko nimekifungua leo asubuhi, na ndani kuna utando mzito wa rangi ya maziwa, unaonata kidoleni kama losheni. Maji ya rejeta nayo yamepungua chini ya alama, ilhali chini ya gari hakuna hata tone lililodondoka.

Mjomba: Utando huo huonyesha kwamba maji yamechanganyika na oili, ingawa peke yake hautoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa hata gari linaloendeshwa safari fupi fupi, ambapo injini haipati joto la kutosha kukausha unyevu wake, huweza kuwa nao. Kinachonitia shaka zaidi ni maji kupungua bila kuvuja nje. Naomba fundi asifungue nati hata moja kabla ya vipimo viwili. Cha kwanza ni kile cha dawa ya buluu, ambacho kifaa chake huwekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa inaunguruma. Dawa ikigeuka njano, basi gesi za mwako zinapenya kwenye maji, na mara nyingi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, imeungua. Cha pili ni kupima mgandamizo wa kila silinda, yaani nguvu yake ya kubana hewa.

Hedi ikija kufunguliwa, ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka, kwa sababu hedi ya alumini ikipata joto kali hupinda kwa sehemu ndogo ya milimita ambayo jicho haliioni. Nimeona watu wengi wakiwekewa gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda, na baada ya miezi michache wakarudi pale pale na gharama ile ile.

Kaka Mkubwa: Shikamoo Baba, shikamoo Mjomba. Naomba tusipime gharama ya matengenezo kwa bei ya kuliuza gari, maana hatuna nia ya kuliuza. Tujiulize matengenezo hayo yatatupa miezi mingapi ya kulitumia. Nimepiga hesabu: makadirio ya fundi ni sawa na marejesho ya miezi mitano ya mkopo wa gari jipya, bila kuhesabu bima kubwa ambayo mkopeshaji angetulazimisha kuikata. Ikiwa gari litatuhudumia miaka miwili zaidi, tutakuwa tumelipa ya miezi mitano na kutumia ya miezi 24. Tena gari jipya hupoteza thamani kwa kasi kubwa zaidi katika miaka yake ya mwanzo.

Shangazi: Kaka yangu, mimi nakusihi jambo moja tu, usikope. Umestaafu, na deni la gari halimsubiri mtu apone wala apumzike.

Dada: Hesabu ya Kaka naiheshimu, ila kuna kitu haijakigusa. Gari letu lina mifuko ya hewa miwili tu, yote ya mbele, na halina mfumo wa kielektroniki unaolizuia kuteleza na kupoteza mwelekeo. Umoja wa Ulaya uliufanya mfumo huo kuwa wa lazima kwa magari mapya yote kuanzia Novemba 2014, kwa sababu unaokoa maisha. Baba hapendi niseme hivi, lakini macho yake ya usiku si yale ya zamani. Nataka gari litakalomsaidia pale mkono utakapochelewa.

Baba: Sikuchukii kwa kusema hivyo, binti yangu. Ni kweli.

Kaka Mkubwa: Hata mimi hilo silipingi. Nasema tu kwamba gari la miaka mitatu hadi mitano lililotunzwa vizuri lina mfumo huo huo, na mwenyewe wa kwanza ameshaibeba hasara ile kubwa ya thamani.

Mama: Wanangu, nimewasoma wote. Gari hili ndilo lililomleta kitindamimba nyumbani akiwa na siku mbili, kwa hiyo nalipenda, lakini sitaki lipendwe kuliko watu. Ninachohitaji ni gari litakalowaka usiku nikizidiwa. Jipya au la zamani, mimi ni sawa.

Baba: Majibu ya vipimo nimeyapata mchana huu. Dawa imegeuka njano. Silinda ya pili na ya tatu zina mgandamizo mdogo, nyingine mbili ni nzima.

Mjomba: Silinda mbili zinazopakana zikishuka pamoja, mara nyingi ni gasketi iliyoungua katikati yake, na huo ni ugonjwa unaotibika.

Kaka Mkubwa: Basi naomba litengenezwe.

Mjomba: Subiri, mwanangu. Kesho napita gereji mwenyewe. Gari la umri huu silitolei neno la mwisho kabla ya kulala chini yake.

Mjomba: Shemeji, nimetoka gereji sasa hivi. Gari limepandishwa juu na nimelikagua kwa taa na bisibisi. Pale mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, unapofungwa kwenye chesisi inayobeba gari, upande wa kulia nilipogonga kwa mpini uliitika kwa sauti ya chuma, lakini wa kushoto ulitoa sauti nzito isiyo na mlio. Juu yake palipakwa lami nyeusi. Nilipobonyeza ncha ya bisibisi ilizama yote, na kutu ikanimwagikia kiganjani kwa magamba. Shimo lenyewe lingezibika kama lingekuwa dogo, lakini kutu imekwenda ndani ya boksi la chesisi hadi karibu na kizingiti cha mlango, na kiraka kilichochomelewa kwenye chuma kilichooza hakina cha kushika. Injini tungeitengeneza na ingekwenda vizuri, lakini ingekuwa imebebwa na kitu kisichoweza kuibeba. Siku ya ajali, chuma hicho ndicho kinachotakiwa kupokea kishindo kabla hakijamfikia dada yangu. Mimi nasema lisitengenezwe.

Kaka Mkubwa: Nakubali, Mjomba. Hesabu yangu ilidhani sehemu ya chini ya gari ni nzima.

Dada: Ahsante sana, Mjomba.

Baba: Nimeamua hivi. Hatukopi, kama alivyosema dada yangu. Tutatafuta gari la miaka mitatu hadi mitano lenye kumbukumbu za sevisi, lenye ule mfumo alioutaja binti yangu, na hatutaji bei kabla Mjomba hajalala chini yake. Hadi tutakapolipata, safari za kliniki tutakodi teksi, na Kaka Mkubwa amejitolea kulipia. Hili la zamani tutaliuza kwa spea: giaboksi ni nzima, na milango na taa hazina kasoro.

Kitindamimba: Shikamooni nyote. Baba, nimekwenda gereji kutoa vitu vyetu garini. Kwenye kisanduku cha mbele nimekuta daftari ambalo umeandika kila sevisi tangu kilomita ya kwanza, pamoja na tarehe na aina ya oili. Nilirudishe nyumbani?

Mjomba: Lirudishe, mwanangu, na ulitunze pasipo na unyevu. Mnunuzi wa giaboksi atataka kuona ni lini oili yake ilibadilishwa mara ya mwisho.