Almanaka ya 1752, Septemba imeruka siku, ni feki au?

Karatasi_Kuukuu: Wakuu heshima zenu. Nimeanza kukusanya almanaka, vile vijitabu vya kalenda ya mwaka, za Marekani za enzi ya ukoloni wa Mwingereza. Kuna muuzaji ana ya 1752 iliyochapwa Boston, sasa Septemba inafika tarehe 2 halafu inaruka hadi 14, kona ya juu ina tundu, na pembeni mtu kaandika kwa wino habari za ng'ombe kuzaa. Mwingine anauza Poor Richard, almanaka ya Benjamin Franklin, ya 1733, nyeupe peee na bei ya kutupa. Nichukue ipi?

mzee_wa_nyaraka: Hiyo ya kuruka haina shida kabisa. Mwaka huo Uingereza na makoloni yake walihamia kalenda ya Gregori, hii tunayotumia leo, siku 11 zikafutwa, Septemba ikabaki na siku 19 tu. Ingekuwa na zote 30 ndo ningeanza kuuliza maswali.

Jalada: Na tundu pia lisikutishe, walikuwa wanapitisha kamba wanaitundika kwenye msumari, halafu hiyo hiyo ndo daftari la nyumbani, mvua, madeni, mifugo, kila kitu kinaandikwa humo. Mimi bila maandishi hayo sinunui kwa raha kwa kweli. Usisugue, usibandike gundi. Zilikuwa zinashonwa uzi tu bila jalada gumu kwahiyo ukurasa wa kwanza na wa mwisho ndo hutoka, hesabu kurasa zote. Watu wanamjua Franklin tu lakini almanaka za Nathaniel Ames wa Dedham, Massachusetts, ziliuzwa zaidi, zinatajwa hadi nakala 60,000 kwa mwaka na Franklin kama 10,000, ila mwaka ukiisha zinatupwa. Ile ya kwanza kabisa ya 1639, ya Cambridge, Massachusetts, haijabaki hata nakala moja!

mzee_wa_nyaraka: Hiyo 1733 ya bei poa achana nayo, zimechapwa nakala za kuiga kibao. Mwambie aishike kwenye mwanga apige picha. Karatasi za wakati ule zilitokana na matambara, utaona mistari ya waya za fremu waliyotengenezea karatasi. Laini tupu bila mistari, kimbia.

Karatasi_Kuukuu: Asanteni sana. Ya Boston namwomba picha za kurasa zote leo leo.

Jalada: Kwenye hizo picha tafuta mchoro wa mtu aliyezungukwa na alama za nyota, kila kiungo na nyota yake, kama almanaka yenyewe ilikuwa nao. Huo ukurasa watu wanapenda kuuchana.